Kopo la barua: namna ya kusoma barua za ndugu waliotoka Ujerumani kwenda Marekani

Mama mkwe wangu aliweka kopo la biskuti juu ya meza, akafungua kifuniko na kuniambia: "Mwanangu, hizi ni za bibi yake bibi yangu. Tumezitunza miaka yote, na hakuna kati yetu anayejua zinasema nini." Ndani mlikuwa na barua sitini na tatu. Mimi ni Mtanzania niliyeolewa Ohio, na Kijerumani nilijifunza Dar es Salaam kabla sijajua kitanifaa wapi. Kazi ya kopo lile ilinichukua misimu miwili ya baridi, na mwongozo huu nauandikia yeyote aliyeoa, aliyeolewa au aliyezaliwa katika nyumba yenye kopo kama hilo.

Nyumba hizo ni nyingi. Kati ya mwaka 1820 na Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani zaidi ya milioni tano walihamia Marekani, na mwaka 1882 peke yake walifika takriban robo milioni. Wengi walikwenda Ohio, Missouri, Wisconsin, Illinois na Texas. Waliandikiana kwa Kijerumani miaka sitini, sabini, kisha ikaja vita. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, Kijerumani kiligeuka kuwa lugha ya kuonewa shaka. Mwaka 1918 William Harding, gavana wa Iowa, alipiga marufuku lugha za kigeni hadharani, hata kwenye simu. Wazazi wakaacha kuwafundisha watoto. Barua zikabaki na wasomaji wakatoweka.

Kwanza: piga picha kabla hujapanga

Mpangilio ulioukuta una maana. Huenda aliyezifunga kwa utepe alifunga pamoja za mwaka mmoja au za ndugu mmoja. Piga picha kopo lilivyo, kisha toa barua moja moja na kuipa namba kwa penseli laini, pembeni, kwa herufi ndogo. Wino usiuguse kabisa. Nawa mikono na uikaushe; glavu za pamba hupunguza hisia za vidole, na karatasi nyembamba huchanika bila wewe kutambua.

Barua na bahasha yake visitengane. Mimi siku ya kwanza niliweka bahasha rundo lake na barua rundo lake, nikidhani nitapata nafasi. Barua tatu mpaka leo sijui zilitumwa kutoka posta ipi, kwa kuwa aliyeziandika hakutaja mji na muhuri wa posta ndio uliokuwa ukisema.

Usitumie gundi ya utepe kuunganisha palipochanika, usipige pasi mikunjo, wala usizifunike kwa plastiki ya moto. Ukikuta ua lililokaushwa au kishungi cha nywele, kifunge peke yake kwenye karatasi isiyo na asidi na uandike kimetoka barua namba ngapi. Nywele za mtoto ndani ya barua mara nyingi zina maana ya msiba, kwa hiyo isome barua hiyo kwa utulivu.

Pili: jua nani ni ndugu wa nani

Wajerumani wana neno *Geschwister*, ndugu wa tumbo moja bila kutaja wa kiume wala wa kike. Barua nyingi huanza na neno hilo: wapendwa ndugu zangu. Chora mti wa familia kwenye karatasi kubwa na uubandike ukutani mbele yako.

Majina yatakusumbua. Katika familia moja unaweza kukuta Johann Heinrich, Johann Friedrich na Johann Wilhelm, wote wa baba mmoja. Johann ni la ubatizo, na jina la kuitwa nyumbani ni la pili. Kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, eneo la Osnabrück na Westfalia, kuna jambo jingine: mwanamume aliyeoa na kuhamia kwenye shamba la mkewe mara nyingi alichukua jina la shamba. Kwa hiyo ndugu wawili wa damu wanaweza kuwa na majina mawili tofauti ya ukoo. Mimi nilimwona kaka mmoja kuwa ni mgeni wa familia kwa mwezi mzima kwa sababu hiyo.

Tena, *Bruder* si lazima awe kaka. Shemeji naye huitwa *Bruder* kwenye salamu, ingawa neno lake lipo, *Schwager*. Hili halitamshangaza msomaji wa Kiswahili.

Katika kopo letu walikuwa wanne. Kaka mkubwa alibaki na shamba karibu na Osnabrück. Kaka wa pili alikwenda Missouri, si mbali na Hermann, mji ulioanzishwa na Wajerumani mwaka 1837. Dada, huyo bibi yake bibi wa mama mkwe, alikuwa mtumishi wa nyumbani Cincinnati, kisha akaolewa na fundi seremala katika mtaa wa Over-the-Rhine, ulioitwa hivyo kwa kuwa Wajerumani waliokaa ng'ambo ya mfereji waliufananisha mfereji huo na mto wao wa Rhine. Kitinda mimba alifuata baadaye kwa tiketi aliyolipiwa na wenzake. Hannover, ufalme wenye Osnabrück ndani yake, ilikuwa imemezwa na Prussia, dola kubwa ya Kijerumani, mwaka 1866, na vijana wengi wa huko waliondoka wasichukuliwe jeshini.

Tatu: mwandiko

Hapa ndipo watu hukata tamaa, na si haki. Mwandiko wa barua hizi unaitwa Kurrent. Ludwig Sütterlin aliurahisisha mwaka 1911 kwa ajili ya shule za Prussia, na mwaka 1941 serikali ya Wanazi ikauondoa shuleni. Ndiyo maana hata Mjerumani wa leo akipewa barua ya babu yake huigeuza huku na huku. Wewe na yeye mnaanzia mstari mmoja.

Mambo ya kushika ni machache. Herufi *e* ina vijiti viwili na inafanana na *n*. Herufi *u* ina kiupinde juu yake. Ukikosa kiupinde, hiyo ni *n*. Herufi *s* ina sura mbili, ndefu katikati ya neno na ya mviringo mwishoni. Herufi *h* ina kitanzi juu na kitanzi chini. Kistari juu ya *m* au *n* maana yake herufi hiyo ihesabiwe mara mbili.

Usianze na barua kutoka mstari wa kwanza kwenda wa mwisho. Anza na maneno unayojua yapo: *Bruder*, *Mutter*, *Gott*. Yapo kwenye salamu, karibu kila barua. Yanakili kwa mkono wako, kwa penseli, mara kumi, ukiiga mwandiko wenyewe. Sasa una *B, r, u, d, e, M, t, G* na *o* za mwandishi huyo. Zitafute kwingineko. Majina ya kigeni, kama Cincinnati au Missouri, mara nyingi yameandikwa kwa herufi za Kilatini tunazozijua, nayo yatakusaidia kama mawe ya kuvukia mto. Kwangu mimi zilipita jioni kumi na mbili hivi kabla barua haijaanza kusema.

Ipo programu iitwayo Transkribus, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Innsbruck, ambayo husoma picha za mwandiko wa zamani na kukupa rasimu. Itumie, lakini baada ya kujifunza mwenyewe, maana bila hivyo huwezi kujua imekosea wapi. Watu wa Osnabrück nyumbani walizungumza Plattdeutsch, lugha yao ya kaskazini. Kijerumani cha kuandika walikipata shuleni na kanisani. Waliandika walivyosikia. Neno likikushinda kwa macho, lisome kwa sauti. Mama mkwe alikuwa akinisikia jikoni nikisoma, na mara mbili alitambua neno ambalo bibi yake alikuwa akilitamka.

Nyongeza kwa wasomaji wa nyumbani: majalada ya utawala wa Kijerumani yaliyomo kwenye Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam yana kurasa nyingi za mwandiko huuhuu. Atakayejifunza kwa ajili ya barua za wakwe zake atakuwa amejifungulia na mlango huo.

Nne: tarehe

Ukiona *7ber*, usiandike Julai. Ni Septemba, kwa sababu *septem* kwa Kilatini ni saba. Vivyo hivyo *8ber* ni Oktoba, *9ber* Novemba, na *10ber* au *Xber* ni Desemba. Sisi tunaosema saa moja wakati mshale uko kwenye saba tunapaswa kulielewa hili upesi, lakini mimi lilinipita.

Katika kopo kuna barua fupi ya kaka wa Missouri kwa dada yake, mistari tisa tu, ya tarehe 20 *7ber* 1868. Inasema kwamba barua ya kaka mkubwa ameisoma mara tatu akiwa amekaa kwenye uzio, kisha akarudi kulima, na asiulizwe zaidi. Niliiweka Julai. Barua yake iliyofuata, ya Novemba, ni ya fedha za urithi mwanzo hadi mwisho. Mama yao alikuwa amefariki Agosti mwaka huo. Kwa miezi mitatu, mimi na mama mkwe tulimhesabu kaka huyo kuwa mtu aliyepokea habari za kifo cha mama na jambo la kwanza kuuliza likawa fedha. Siku nilipoelewa *7ber* ile barua fupi ilihama kutoka kabla ya msiba ikaja baada yake, na uzio ule ukawa kitu kingine kabisa. Mama mkwe aliniomba niisome tena, taratibu.

Angalia pia sikukuu zinazotumika badala ya tarehe: *Michaeli* ni 29 Septemba, *Martini* ni 11 Novemba. Mambo mengi ya kodi na mikataba ya kazi shambani yalifuata siku hizo.

Tano: tafuta sauti isiyokuwepo

Hii ndiyo hatua niliyotaka kuiandikia mwongozo mzima. Kopo la mtu lina barua alizopokea. Alizoandika yeye ziko kwa wengine, au ziliungua, au zililiwa na panya kwenye dari la ng'ambo. Kopo letu ni la dada, na katika barua sitini na tatu hakuna hata moja ya mkono wake. Mtu ambaye familia ilitaka kumsikia ndiye asiyesikika.

Fanya hivi. Chukua daftari, na kwa kila barua andika mambo matatu: anajibu nini, anauliza nini, na amenyamazia nini. Majibu yana alama zake. Tafuta *du fragst*, yaani unauliza, na *wie du schreibst*, yaani kama unavyoandika. Kila ukikuta maneno hayo umeshika sentensi ya dada, imebebwa na mkono wa kaka. Ziandike zote kwenye ukurasa mmoja kwa kufuata tarehe. Sisi tulipata zaidi ya arobaini. Aliuliza kama ng'ombe mweusi alizaa. Alisema Cincinnati hakuna maji ya kunywa yenye ladha. Alitaka kipimo cha mguu wa mama ili amtumie viatu.

Kuna jibu moja lilibaki peke yake. Kaka mkubwa, Machi 1869, katikati ya habari za bei ya nguruwe, anaandika: "Mtofaa wa kisimani ulikauka, tumeukata." Hakuna *du fragst*, hakuna maelezo. Tuliliwekea alama ya kuuliza kwa penseli na kuendelea.

Kunyamaza nako kuna tarehe. Ukiona jambo limeulizwa mara mbili na halijajibiwa, liandike. Kwa ndugu hawa jambo lilikuwa urithi, na hapa usihukumu kabla hujajua desturi ya mahali. Kusini-magharibi, sehemu kubwa za Württemberg na Baden, ardhi iligawanywa kwa watoto wote mpaka vipande vikawa havimlishi mtu. Kaskazini-magharibi shamba zima lilikwenda kwa mtoto mmoja, na wengine walistahili malipo. Aliyebaki na shamba alikuwa na ardhi na ng'ombe, lakini fedha taslimu hakuwa nazo, na alidaiwa na ndugu watatu walio ng'ambo ya bahari. "Subiri mavuno," anaandika kaka mkubwa, mwaka baada ya mwaka. Kwa dada aliyefua nguo za watu maneno hayo yalikuwa dharau. Kwa mwenye shamba yalikuwa kweli. Tulijua dada alimjibu kwa ukali kwa sababu kaka wa Missouri anamwambia: "Kaka ameniandikia kuwa umemwandikia kama mtu anavyomwandikia mdaiwa."

Zingatia pia *du* na *ihr*, wewe na nyinyi. Barua moja ilizunguka: Cincinnati, kisha Missouri, kisha kwa kitinda mimba. Ikisema nyinyi inawasemesha wote. Mwandishi akigeuka ghafla na kusema wewe, amemshika mmoja mkono na kumweka kando, na sehemu hiyo pengine imeandikwa kwenye kipande tofauti ili kitolewe kabla barua haijaendelea na safari. Katika familia yetu ilikuwepo tafsiri ya zamani ya Kiingereza ya barua mbili, na humo nyinyi na wewe vimekuwa neno moja, kila kitu kimelainika. Nilipotafsiri kwa Kiswahili tofauti ilirudi yenyewe. Kwa kazi hii lugha yetu ina nguvu, na ninashauri utafsiri kwanza kwa Kiswahili hata kama wasomaji wako wa mwisho ni wa Kiingereza.

Salamu za mwanzo usiziruke. Wanasema wao kwa neema ya Mungu ni wazima na wanatumaini wenzao ni hivyohivyo. Aliyewahi kuandika "mimi huku ni mzima, hofu ni kwako uliye mbali" anajua kwamba salamu ya mazoea ikibadilika neno moja tu, pana jambo. Kaka wa Missouri huandika "sote ni wazima" kwa miaka kumi. Mwaka 1873 anaandika "sisi tuliobaki ni wazima". Jina la mtoto aliyefariki halimo mpaka ukurasa wa tatu.

Sita: maneno yanayodanganya

*Korn* kwa kaka wa Osnabrück ni nafaka ya mkate, inayokaribiana na ngano. Kwa kaka wa Missouri *Korn* ni mahindi, kwa kuwa amekwisha kuzoea Kiingereza. Ndugu wawili wanalalamikia *Korn* iliyoharibika na kila mmoja anasema juu ya mmea mwingine. *Fenz* si Kijerumani, ni uzio kwa Kiingereza ulioandikwa kwa sikio.

Fedha: *Thaler* moja ilikaribia senti sabini za Marekani, na *Gulden* moja ya kusini kama senti arobaini. Mark ilipoingia miaka ya 1870, Thaler ilihesabiwa kuwa Mark 3. Ardhi: *Morgen* ya Prussia ni kama robo ya hekta, wakati ekari ni hekta 0.4. Usiache tarakimu bila kipimo chake kwenye tafsiri, maana ugomvi wa ndugu unakaa humohumo.

Barua kabla ya 1875 huwa zimejaa hadi pembeni, nyingine zimegeuzwa na kuandikwa juu ya maandishi. Posta ilikuwa ghali na ilipimwa kwa uzito. Mkataba wa posta wa Bern ulipoanza kufanya kazi Julai 1875, barua ya nusu aunsi kutoka Marekani ilikuwa senti 5, na utaona karatasi zinapata nafasi ya kupumua.

Saba: hifadhi, na mambo ya siri

Skani kila ukurasa, pamoja na bahasha mbele na nyuma, kwa rangi, dpi 400 (nukta 400 kwa kila inchi) au zaidi. Nakala moja ikae nje ya nyumba. Barua zenyewe zinyooshwe bila kulazimishwa, ziwekwe kwenye majalada yasiyo na asidi, ndani ya chumba ambacho watu wanaishi. Kwenye dari kuna joto, na chini ya nyumba kuna unyevu.

Utakuta mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa, au ndugu aliyefungwa. Sisi tulikaa na wazee wa familia, tukasoma kwa sauti kwao kwanza, kisha ndipo wakaamua kipi kipelekwe kwa wajukuu wote. Kumbuka pia kwamba kuwa na karatasi si kuwa na haki ya kuchapisha maandishi: Ujerumani na Marekani hulinda maandishi ya mtu miaka 70 baada ya kifo chake. Za karne ya 19 nyingi ziko salama, za bibi aliyefariki 1970 bado.

Nane: tafuta nusu ya pili

Andika ng'ambo. Maktaba ya utafiti ya Gotha, mjini Gotha, ina mkusanyo wa barua zaidi ya 10,000 za Wajerumani waliohamia Amerika Kaskazini, kazi iliyoanza Bochum chini ya mwanahistoria Wolfgang Helbich. Vitabu vya ubatizo vya Waprotestanti vinapatikana kupitia tovuti ya Archion, vya Wakatoliki kupitia tovuti ya Matricula. Orodha za abiria wa bandari ya Hamburg zipo kuanzia 1850 hadi 1934; za Bremen nyingi ziliharibiwa, hivyo kwa aliyepitia huko tafuta orodha za kufikia New York.

Lakini kwanza andikia kijiji. Vijiji vingi vina chama cha historia ya mahali, *Heimatverein*, na humo kuna mzee anayejua shamba lipi ni la nani. Andika kwa Kijerumani, ukurasa mmoja, taja shamba na mwaka, weka picha ya barua moja, na useme unacho cha kutoa kabla ya kusema unachotafuta. Sisi tulituma nakala za barua zote za kaka mkubwa.

Jibu lilikuja baada ya miezi mitano. Kwenye shamba lilelile, ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa, ilikutwa barua moja ya dada. Ni ya Januari 1869, miezi mitano baada ya kifo cha mama. Imeandikwa kwa mkono mzito wa mtu asiyeandika kila siku, na kaka mkubwa alipotoboa kwa kalamu akihesabu Thaler pembeni, tundu bado lipo. Ukurasa mzima ni madai. Mwisho kabisa, chini ya jina lake, ameongeza mstari: je, mtofaa wa kisimani ulizaa mwaka huu, maana mama aliniahidi mbegu.

Tumeipa namba 41a, ikae mbele ya jibu lake.